Tupeni Nafasi Sawa Kwanza, Ndipo Mtupange Kwenye Msimamo

Shindano jingine la wikiendi la gemu la simu limefungwa saa tisa usiku, na kwa mara nyingine dakika kumi za mwisho ndizo zilizoamua kila kitu. Mtu aliyekuwa nafasi ya arobaini kapanda hadi ya pili huku waliopigania nafasi hiyo siku tatu wakiwa wamelala. Asubuhi magrupu yote ya WhatsApp yamejaa swali lilelile: jamaa katumia hack?

Mara nyingi hakutumia. Kanuni za shindano zinaruhusu alichofanya, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko udukuzi. Mdukuzi anaweza kuripotiwa na kufungiwa. Kanuni mbovu inarudi kila Ijumaa ikiwa na picha mpya na zawadi mpya.

Ubovu wenyewe ni huu: pointi zinajumlishwa bila kikomo cha mechi. Tufanye hesabu ya gemu la kawaida. Nguvu inajaa moja kila dakika 6, mechi moja inakula nguvu 10, na ghala linabeba nguvu 60 tu. Kwa siku unapata nguvu 240, yaani mechi 24. Siku tatu, mechi 72. Lakini ghala linajaa kwa saa 6. Ukilala kwa muda wa saa 8, nguvu 20 zinapotea, na usiku tatu zinakugharimu mechi 6. Mchezaji anayelala kama binadamu anabaki na mechi 66. Mwenzake anayejiwekea alamu usiku kwenda kumwaga nguvu anacheza zote 72.

Sasa mlete mwenye vito, ile sarafu ya ndani ya gemu inayonunuliwa kwa pesa halisi. Na yeye analala, ila anajaza ghala kwa malipo mara kumi, kwa hiyo ana mechi 60 za ziada, jumla 126. Tuseme ushindi mmoja ni pointi 10. Fundi wa kweli, anayeshinda mechi 8 kati ya 10, anamaliza mechi zake 66 na pointi kama 528. Mwenye vito ni mchezaji wa kati, anashinda mechi 55 kati ya 100 tu, na anamaliza na pointi zipatazo 693. Amemwacha fundi kwa pointi 165, na wala hajanunua silaha kali wala mchezaji adimu. Amenunua idadi ya mechi. Ongeza na vile vizidishio vya pointi vya mara mbili na mara tano vinavyouzwa humohumo ndani ya shindano, fundi hata umuhimu wa kuamka haupo tena.

Ndiyo maana nasema kila siku: kabla hujapiga kelele kuhusu kadi kali na viwango, uliza kwanza shindano linampa kila mtu mechi ngapi. Kama jibu ni "nyingi uwezavyo", msimamo huo unapima saa na fedha.

Clash of Clans, gemu la kujenga kijiji na kushambulia vya wenzako, ilipitia njia hii yote na historia yake iko wazi. Mwaka 2013 kinara wa dunia alikuwa George Yao, kijana wa Marekani aliyejulikana kwa jina la Jorge Yao, na alikaa kileleni karibu miezi sita. Alicheza kwenye iPad kadhaa kwa pamoja, hata bafuni aliziingiza zikiwa zimefungwa plastiki. Simlaumu hata kidogo, mfumo ndio uliodai hivyo. Ukiwa juu kabisa, kumpata wa kumshambulia kulichukua muda mrefu, unatazama mawingu tu kwenye skrini. Jeshi lilihitaji muda wa kuandaliwa, na vito vilifupisha muda huo. Ukiwa hewani kijiji chako hakikushambuliwa, kwa hiyo kutoka mchezoni kulikuwa hatari. Kila kipengele kilimzawadia asiyelala.

Oktoba 2019 waundaji wa gemu wakabadilisha Ligi ya Legend, ligi yake ya juu kabisa. Kila mchezaji akapewa mashambulizi 8 kwa siku, na kijiji chake kikashambuliwa mara 8, basi. Nyota tatu, yaani kubomoa kijiji chote, zilikuwa vikombe 40 (vikombe ndizo pointi za ligi), kwa hiyo kilele cha siku kilikuwa 320 kwa kila mtu, tajiri na asiye na kitu. Ukibakiza jengo moja tu likiwa limesimama, uliishia nyota mbili, na nyota mbili hazikuvuka vikombe 32. Vikombe 8 vimeondoka kwa sababu ulichelewa kumwachia shujaa uwezo wake au ulimtupa shujaa mwingine, malkia, upande usio wake. Hapo watu wakawa na sababu ya kurudia video za mashambulizi yao, kusoma ramani za wapinzani, kubishana juu ya sekunde. Siku mpya ya ligi ilianza saa mbili asubuhi kwa saa zetu, watu wameshaamka. Mashindano yaligeuka kuwa ya akili kwa sababu mtu mmoja mezani aliamua kuandika namba 8.

Haya, nakubali: kijiji chenyewe kilijengwa kwa haraka zaidi na mwenye pesa, na asiyelipa alifika huko akiwa amechoka. Hilo kikomo cha mashambulizi hakikuliponya. Dawa yake ilipatikana kwenye Clash Royale, gemu dada la kadi na minara, ambako zile changamoto zilizoisha ukifika ushindi 12 au vipigo 3 ziliweka kadi za wote kiwango kimoja. Kila kiwango kinachopanda kwenye kadi kinaongeza nguvu yake kwa takriban asilimia 10, na asilimia 10 hizo zinatosha kuamua kama askari wako anakufa kwa pigo moja au anabaki na tone la uhai na kukuvunjia mnara.

Wapo watakaosema kikomo kinawanyima raha wanaopenda kucheza kutwa. Wacheze. Wawekewe mechi za kawaida, za mazoezi, hata elfu moja. Kinachobanwa ni zile zinazohesabiwa.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la mtandao, maana linatuuma sisi. Ukiwa na mechi chache, kila moja ina uzito, na mechi iliyokatika katikati inahesabiwa kipigo. Umeme umekatika, Wi-Fi imezimika, umehamia bando, simu inajiunganisha upya, sekunde 40 zimepita na mnara hauna mlinzi. Seva ziko mbali, hivyo hata siku nzuri amri yako inachelewa kufika kuliko ya mtu anayekaa jirani na seva. Kwa hiyo kikomo peke yake hakitoshi. Toeni mechi 24 kwa siku tatu, hesabuni 20 bora. Nne mbaya zinatupwa, ziwe mbaya kwa sababu ya mtandao au kwa sababu ya usingizi. Na zisigawanywe nane nane kwa siku, kwani mashambulizi ambayo hukuyatumia leo kwenye ule mfumo wa 8 yalipotea. Nesi wa zamu ya usiku na dereva wa basi la mkoani wanapaswa kuweza kumaliza mechi zote 24 Jumapili mchana. Kwa mechi ya dakika 4, hiyo ni saa moja na dakika 36. Mtu yeyote anaipata.

Makundi nayo yana hila. Mashindano mengi yanawapanga wachezaji mia mia kwa kufuata muda wa kuingia. Wanaobonyeza dakika ya kwanza ni wale wakali wanaosubiri saa, wanajikuta wote chungu kimoja na kumalizana. Wajanja wanakaa pembeni, wanaacha zawadi zao kwenye kisanduku cha barua cha gemu bila kuzifungua ili wazitumie baadaye, wanaingia saa za mwisho, wanaangukia kundi la watu waliobonyeza kwa bahati mbaya. Wanashika nafasi ya kwanza kwa pointi ambazo kwenye kundi la mapema zisingefika hata thelathini bora. Funga usajili kwanza, kisha panga makundi kwa matokeo ya mashindano matatu yaliyopita. Kompyuta inafanya hivyo kwa sekunde.

Muda wa kufunga: saa sita usiku ya UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, ni saa tisa usiku kwa Dar, Nairobi na Kampala. Kwa mtu wa New York ni jioni, ametoka kazini na yuko kwenye kochi. Zungusheni saa, wiki hii tuumie sisi, wiki ijayo wao.

Kuna na hili la marejesho, ambalo haliongelewi vya kutosha. Google Play inakuwezesha kuomba pesa yako ndani ya saa 48 baada ya kununua kitu. Mtu ananunua vito saa za mwisho, anapanda, anachukua zawadi, kesho yake anaomba pesa irudi. Hata vito vikikatwa na akaunti kusoma hasi, zawadi imeshatumika na aliyesukumwa kutoka nafasi ya tatu kwenda ya nne harudishiwi kitu. Zawadi za msimamo zikae siku saba kabla ya kutolewa, na kila ununuzi uliorejeshwa ufute pointi zake na kuwapandisha waliokuwa chini.

Kampuni zinahitaji mapato, sawa. Uzeni mavazi, rangi, densi, pasi za msimu. Mechi ya 25 isiuzwe kwa bei yoyote, na idadi ya mechi iandikwe juu ya kitufe cha kujiunga, ili mchezaji aione kabla hajabonyeza.