Hana kwao pa kurudi

Sisi watu wa pwani tuna dawa yetu ya zamani ya mume mkorofi. Mke anafunga kanga zake, anabeba mtoto wa mwisho, anakwenda kwao. Siku ya pili au ya tatu mume anatokea na wazee wake, mkeka unatandikwa, panasemwa. Sisemi dawa hiyo inaponya. Mara nyingi mke huambiwa avumilie, anarudi, na wiki haiishi kipigo kinaanza upya. Lakini walau ana kwao. Ana baba wa kukohoa mlangoni, ana shangazi wa kumpasha yule bwana.

Dada aliyepiga hodi usiku kwa mama yangu, hapa Ngamiani, hakuwa na lolote katika hayo. Kwao ni Burundi. Aliolewa na Mtanzania, dereva wa lori, akaletwa Tanga na mimba ya kwanza. Mji wetu tunausifia "waja leo, waondoka leo". Huyu alikuja, na pa kuondokea hana. Alikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni, na mkono wa kushoto umevimba hata bangili haitoki. Mama hakuuliza kitu. "Ingia, mwanangu," basi, akawatandikia chumba cha cherehani.

Asubuhi nikamwambia twende polisi, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda nayo kutibiwa, kisha hospitali. Akakataa katakata. Pasipoti yake kaificha mumewe, na kila akimpiga humwambia: kashitaki, Uhamiaji watakurudisha kwenu na watoto utaniachia. Kumbe fimbo kubwa ya yule bwana ilikuwa karatasi.

Na ilikuwa fimbo ya uongo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Haisemi mwenzi awe Mtanzania. Mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria hiyohiyo inaanza kwa kuamini kwamba heri yake ni kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wale watoto mkubwa alikuwa na miaka 4. Baba yao alikuwa akitishia kwa sheria aliyoitunga mwenyewe kwenye usukani.

Tulimbembeleza mpaka akakubali. Kituoni (sikitaji) aliyekuwa kaunta alimwuliza kwanza kibali cha kuishi nchini, mkono akautazama baadaye. Swali halali, ila si la kwanza. Bahati yetu alitokea askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto akatuingiza ndani, na PF3 tukapata. Ningekuwa na sauti ningesema jambo moja tu: anayepokea malalamiko ya kipigo asiguse habari za kibali mpaka mtu atibiwe na alale mahali salama.

Mahali salama penyewe ndipo tulipoteleza. Siku ya tatu mume akasimama nje ya mlango wetu. Nani alimwambia? Hakuna, na wote. Ngamiani ukinunua dagaa wa watu sita badala ya watatu, mwenye genge ameshajua una wageni. Vijana wa barazani walimzuia, akaondoka akitukana, lakini usiku ule hakuna aliyelala, na mama alikesha na mchi wa kinu pembeni yake. Huruma ya mama haina upungufu. Mlango wake ndio unaojulikana na mji mzima.

Kwa hiyo mtu akiniambia nyumba za hifadhi, za kuwaficha wanaokimbia kipigo, ni mambo ya wazungu, kwetu majirani wanatosha, namwuliza alilala wapi usiku ule. Dada kama huyu anahitaji nyumba iliyo mbali na mtaa wa mume, isiyotajwa dukani. Awepo mtu anayejua Kirundi, maana Kiswahili chake ni cha sokoni, na yaliyompata hayasemeki kwa maneno ya kununulia nyanya. Awepo wa kufuatana naye Uhamiaji. Marekani tangu mwaka 1994 wana sheria inayomruhusu mke mgeni anayeteswa na mume raia kujiombea ukaazi mwenyewe, bila mume kutia mkono. Hilo naliona kubwa kuliko kitanda na chakula, kwa kuwa linamnyang'anya mpigaji ile fimbo.

Wapo wanaosema tuna wetu kwanza. Ni kweli tunao: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 4 katika kila 10, wa miaka 15 hadi 49, wameshawahi kupigwa au kuumizwa tangu wafikishe miaka 15. Lakini nyumba inayomfaa asiye na ndugu itamfaa pia binti wa Pangani au Lushoto ambaye ndugu zake ndio wanaomrudisha kwa mume.

Yule dada alihamishwa siku ya nne. Alikokwenda sikusemi, hata kwa majirani zangu ninaowapenda. Bangili ilibidi ikatwe hospitali. Mama ameiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano na vifungo.