Alama 45 za mama mkubwa

Mama mkubwa ana alama 45. Karatasi imening'inizwa kwenye kitanda chake katika makao ya wazee, nje kidogo ya Kampala, na mhudumu aliniambia kwa fahari kuwa ni kipimo cha kimataifa. Kweli. Ni kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965: mambo kumi ya kila siku, kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni na mengineyo, jumla 100. Sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu uko kwenye kula. Kaandikiwa sifuri, yaani hulishwa. Jumamosi moja nilimpelekea chana mbili za matoke, nikamwachia kisu nikaenda kutafuta beseni. Kurudi, keshamenya saba, vidole vyeusi kwa utomvu, ananigombeza: "Haya machanga! Wewe hata sokoni unadanganywa." Huyu ndiye asiyeweza kushika kijiko?

Nilipouliza nilijibiwa bila kufichwa. Wahudumu wawili, wazee kumi na wanane. Mzee akila mwenyewe ni nusu saa na mchuzi unamwagika. Akilishwa, dakika tano. Basi wote wanalishwa. Na kanuni ya Barthel inataka uandike anachofanya mtu, wala si anachoweza kufanya, kwa hiyo aliyejaza hakukosea. Ila sifuri ile ni ya zamu ya mchana. Mama mkubwa kabebeshwa tu.

Kupanda ngazi, sifuri nyingine, alama 10 zimekwenda. Nyumba yenyewe haina hata kidato kimoja! Lakini hakuna aliyeuliza kama anaweza kuinuka mkekani, anapoketi kusali na kula tangu utoto, au kuchuchumaa kwenye choo cha shimo. Hayo ndiyo yatakayoamua kama atarudi Bombo kwa binti yake, maana ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwezi, kwa waliofika miaka 80, haimlipi mtu wa kumwinua kila alfajiri.

Mimi ningeanza na mlo mmoja kwa wiki usio na haraka, mhudumu akae pembeni atazame, ndipo ajaze.

Tulijaribu. Alikula peke yake dakika arobaini, leso imelowa mchuzi, hataki kusaidiwa. Mhudumu alifuta sifuri akaandika 5, kwa penseli. Wino, alisema, atatia siku zamu yao ikiongezewa mtu.