Kupanda ngazi, au kushika kamera tangu siku ya kwanza?

Wapo wakongwe wa idara ya kamera ambao wakimwona kijana mwenye filamu fupi mbili akijiita mpigapicha mkuu, husema ameruka foleni. Njia wanayoiheshimu ni ya ngazi: unaanza na kuchaji betri na kugonga kibao kinachotambulisha kila teki, yaani kila mara onyesho linapopigwa, unapanda kushika fokasi, yaani kulinda ukali wa picha, unakuwa opereta anayeiendesha kamera, na baada ya miaka mingi ndipo unakabidhiwa picha ya filamu nzima.

Ngazi hiyo ina malipo ya uhakika zaidi na nidhamu, na inakuweka karibu na wanaojua kazi. Mpigapicha wa filamu John Toll alikuwa opereta chini ya mabingwa kama Conrad Hall kabla ya kushinda Oscar mbili mfululizo, 1995 na 1996. Fokasi nayo si ya kubezwa: lenzi ikiwa wazi kabisa, mwigizaji akiinamisha kichwa kidogo tu, jicho lake linafifia na teki imeharibika.

Ila kuamua ni jambo jingine. Fikiria chumba chenye dirisha moja, onyesho refu la watu wawili, na siku moja tu ya kulipiga. Jua halisubiri. Ukimpiga mwigizaji wa kwanza asubuhi na wa pili alasiri, mwanga wa ukutani utakuwa umehama, na mhariri akiziunganisha picha hizo itaonekana kama watu hao wanaongea saa tofauti. Je, uzibe dirisha na kusimamisha taa nje yake, huku mwongozaji akihesabu dakika? Au umalize kwanza pembe zote zinazoelekea dirishani, ndipo ugeuze kamera? Msaidizi huliona jambo hilo likiamuliwa na mwingine. Anayepiga filamu ndogo huliamua mwenyewe, na akikosea hukutana na kosa lake kwenye uhariri. Hilo ndilo shule, na ndilo wakongwe hawalihesabu.

Tena tasnia hii humwita mtu kwa kazi aliyoonekana nayo mara ya mwisho. Fundi wa fokasi ataitwa kushika fokasi, na kadiri anavyosifiwa ndivyo inavyokuwa vigumu kumfikiria penginepo.

Ndiyo maana miaka 8 ya mpigapicha wa filamu James Laxton hainitoki akilini. Alisoma Chuo Kikuu cha Florida State pamoja na mwongozaji Barry Jenkins. Mwaka 2008 wakatoa Medicine for Melancholy, filamu ya fedha kidogo mno. Filamu ndefu ya pili ya Jenkins, Moonlight, ilitoka 2016, na kwa kazi hiyo Laxton akateuliwa kuwania Oscar. Miaka 8 kati ya filamu na filamu! Mpinzani ataona hapo njia isiyolisha mtu. Mimi naona uhusiano uliodumu muda wote huo: Jenkins alipopata nafasi, mtu wake wa kamera alikuwepo, tena katikati Laxton alikuwa amepiga filamu za waongozaji wengine na mkono wake umekomaa. Huwezi kuununua uaminifu wa namna hiyo kwa kupanda cheo.

Hata hivyo, miaka kama hiyo mtu anaiishi vipi? Hapa wakongwe wana hoja nzito, na hainipi raha kuikubali. Filamu ndogo nyingi huahidi malipo “ikishauzwa”, na nyingi haziuzwi. Kwa hiyo anayedumu mara nyingi ni mwenye familia ya kumshikilia, au anayekubali matangazo na harusi ili alipe kodi. Wenye kipaji bila mto wa kuangukia huondoka kimyakimya. Lakini lawama hiyo ni ya wanaoajiri bila kulipa. Aliyeamua kujifunza kwa kuamua hana kosa.

Kuna na adha isiyosemwa sana: picha uliyoipiga si yako. Filamu inaweza kukaa kwenye uhariri mwaka mzima au zaidi, au isimalizike kabisa, na wewe huna cha kumwonyesha mwongozaji mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kushika kamera, mkataba useme lini utapewa vipande vya kuonyesha kazi yako, na kwamba utakuwepo wakati wa kusahihisha rangi, kwa malipo. Mtayarishaji asiye na fedha za kutosha bado anaweza kutoa la kwanza bila gharama yoyote. Akikataa hata hilo, filamu hiyo iache.