Mfumo Ukikosea, Mzazi Amwendee Nani?

Siku ya kufungua shule, muhula wa kwanza, nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mhasibu wa shule moja ya bweni magharibi mwa Kenya. Mama mmoja alifika na mwanawe wa Kidato cha Pili, nyuma yao kijana wa bodaboda akiwa na gunia la maharagwe begani. Mhasibu alitoka, akatia mkono ndani ya gunia, akasugua punje kiganjani kuona kama zimeliwa na bungua. Gunia likapandishwa mizani: kilo 88. Akakata risiti ya shilingi 9,000. Mama akaeleza kwamba baki ataleta akishauza ng'ombe, na mhasibu akaandika tarehe kwa penseli pembeni mwa jina la mtoto. Hazikupita dakika kumi, kijana alikuwa ameshaingia bwenini na sanduku lake.

Tukio hilo hunijia kila mjadala wa eCitizen unapozuka. Mwishoni mwa Januari 2024, Katibu wa Elimu ya Msingi wa wakati huo, Belio Kipsang, aliwaandikia walimu wakuu wa shule za kitaifa kwamba wazazi walipe karo kupitia jukwaa hilo la serikali, lile lile tunalolipia pasipoti na cheti cha tabia njema kwa nambari moja, 222222. Pesa zingeingia huko kwanza, ndipo zitumwe kwenye akaunti za shule. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo mapema, na tarehe 1 Aprili 2025 Jaji Chacha Mwita akaamua kuwa linakiuka Katiba: umma haukushirikishwa, hapakuwa na sheria ya kuliegemea, na ada ya shilingi 50 kwa kila malipo haikuwa na msingi.

Wengi walishangilia na kudhani mambo yameisha. Mimi sidhani hivyo, kwa sababu waliolileta wazo hilo walikuwa na hoja, na hoja hizo bado zipo.

Kwa miaka kadhaa wizara iliweka kikomo cha karo ambayo mzazi wa shule ya kitaifa ya bweni anapaswa kulipa: shilingi 53,554 kwa mwaka. Ukiuliza wazazi, utasikia hesabu nyingine kabisa. Kuna pesa za masomo ya ziada, pesa za basi, pesa za kumaliza bweni ambalo ujenzi wake ulianza kabla mtoto hajazaliwa, na sare ambayo lazima inunuliwe kwenye duka moja tu. Mara nyingi michango hiyo haimo katika orodha ya karo ya wizara, na mzazi anayeuliza huogopa mtoto wake ataandamwa. Kama kila shilingi ingepitia mahali pamoja panapoonekana, mwalimu mkuu asingeweza kudai kitu ambacho hakimo kwenye orodha. Na akihamishwa, anayemrithi asingekuta kabati la madeni yasiyo na karatasi. Anayesema kuwa agizo lile lilikuwa tamaa ya serikali ya kushika pesa za watu na si jingine, hajawahi kukaa kwenye mkutano wa wazazi ambako kila anayesimama kuuliza huambiwa akae chini.

Lakini karo ya shule ya bweni ndiyo chakula cha kesho. Muuza mboga, mwenye kuni na anayeleta maziwa hulipwa kadiri wazazi wanavyolipa, tena wengi wao ni majirani wa shule wasio na akiba ya kukopesha muhula mzima. Mgao wa serikali ungepaswa kuwa tegemeo, na kwa karatasi ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka tangu 2018. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge waziwazi kwamba serikali haimudu kiasi hicho, na kinachowezekana ni takriban 16,900. Hata hizo hufika kwa mafungu, na kwa kuchelewa. Mgao ukikwama, jiko huwaka kwa karo ya mzazi. Ukiipitisha karo hiyo Nairobi, umeiweka kwenye foleni ile ile ambayo mgao umekwama. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya agizo lile, nzito kuliko shilingi 50 zilizozungumzwa sana.

Mtetezi wa mifumo atajibu kuwa hilo ni tatizo la Hazina Kuu, kompyuta haina kosa. Ni kweli. Ila tuna mfumo mwingine ambao umekuwa shuleni muda wa kutosha kupimwa. NEMIS, mfumo wa wizara wa taarifa za wanafunzi, ulizinduliwa 2017 ili kila mwanafunzi awe na nambari yake ya kipekee, na mgao ufuate nambari hiyo. Nia ilikuwa kuwaondoa wanafunzi hewa. Ili mtoto asajiliwe alihitaji cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo pengo lilipofunguka. Watoto waliozaliwa nyumbani, wanaolelewa na nyanya zao, wa familia za wafugaji zinazohamahama, walikuwa darasani kwa miguu yao lakini hawamo kwenye mfumo. Mwalimu aliyemwona mtoto huyo kila asubuhi hakuwa na njia ya kumfanya ahesabiwe. Shule ilimlisha na kumfundisha kwa pesa za wenzake.

Na wanafunzi hewa je? Ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, uliofikishwa bungeni 2025, ulibaini fedha za mgao zilizokwenda kwa shule zisizokuwepo. Si kwamba NEMIS ulikuwa umezimwa. Nambari zilikuwamo, zimepangwa vizuri, na nyingine zilikuwa za uongo. Wizara ikalazimika kuwaagiza maafisa wake waende shuleni wahakiki hesabu, kichwa kwa kichwa. Mtoto halisi alikataliwa kwa kukosa karatasi, shule ya kubuni ikapokewa kwa kuwa na karatasi. Mfumo uliamini kile ulichoandikiwa, na aliyeandika alikuwa na sababu ya kuongeza.

Kutokana na hayo, swali la kama tutumie kompyuta au kitabu cha risiti naliona limepitwa na wakati. Swali langu ni moja: mfumo ukikosea, nani aliye karibu na mtoto ana mamlaka ya kusahihisha?

Vyuo vikuu vya umma vinalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi, kwa sababu huko kosa moja linaweza kumgharimu mtu masomo yake. Chini ya utaratibu wa zamani, mwanafunzi aliyeteuliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, mtoto wa waziri sawa na mtoto wa mchuma chai, na serikali iliahidi kujaza pengo. Haikujaza. Madeni ya vyuo vikuu vya umma yalipita shilingi bilioni 60: makato ya pensheni yasiyofikishwa, kodi isiyolipwa, wahadhiri wanaodai mishahara. Mei 2023 Rais William Ruto alizindua mfumo mpya wa ufadhili. Kila mwanafunzi angepimwa hali ya nyumbani kwao, kisha apewe mchanganyiko wa ufadhili usiorudishwa, mkopo na mchango wa familia. Kufikia 2024 kulikuwa na bendi tano: wa bendi ya kwanza, yaani maskini zaidi, alipata asilimia 70 ya ufadhili na asilimia 25 ya mkopo, familia ikitoa 5, wa bendi ya tano alipata 30 na 30, nyumbani wakitoa 40.

Kwa msingi wake naukubali. Hakuna haki katika kumlipia mwenye uwezo sawasawa na asiye nacho, hasa pale ambapo matokeo yake ni chuo kisicho na kemikali za maabara. Nilipousoma mara ya kwanza nilifikiri, hatimaye.

Kisha barua za kujiunga zikatoka. Agosti 2024 malalamiko yalijaa kila mahali: mayatima waliowekwa kwenye bendi za juu, ndugu wa nyumba moja katika bendi tofauti, wazazi wakulima walioambiwa watoe zaidi ya laki moja kwa mwaka. Wanafunzi walitishia kuingia barabarani, Rais akaunda kamati ya kuupitia upya mfumo, na tarehe 20 Desemba 2024 Jaji huyo huyo Mwita akautangaza kuwa unakiuka Katiba na unabagua. Serikali ilikata rufaa, na 2025 wizara ikatangaza kushusha karo.

Linganisha na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni. Nayo hufanya kazi yake kwa kompyuta, nayo huwanyima maelfu ya vijana kozi walizozitamani. Wapo wanaoilaumu, ila hasira si ya namna ile. Kijana anajua alama zake za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anajua jinsi alama za klasta, yaani za masomo yanayohitajika na kozi, zinavyohesabiwa, anaona kozi ya uuguzi mwaka jana ilifungwa kwa alama ngapi, na akikosa anapewa nafasi ya kubadilisha chaguo. Anaumia, lakini anajua kwa nini. Yule wa bendi alipewa nambari tu. Hakuambiwa ni taarifa gani kuhusu mama yake iliyompandisha: ni simu? ni shamba lililoandikwa jina la babu? ni shule ya sekondari aliyosomea kwa msaada wa kanisa? Akikata rufaa, alirudi kwenye tovuti ile ile iliyompa jibu la kwanza.

Sheria yetu imeshaligusa hili. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake, na pale sheria inaporuhusu uamuzi wa namna hiyo, ana haki ya kujulishwa na kuomba uangaliwe upya. Naona ajabu kwamba katika kelele zote za 2024 kifungu hicho hakikuwa midomoni mwa watu.

Wapo wanaosema ukiwafungulia watu kanuni ya kupima umaskini, wataicheza. Hoja hii siipuuzi. Alama za KCSE huwezi kuzipunguza ukiwa nyumbani, lakini mapato unaweza kuyaficha, tena wenye mapato makubwa ndio wanaojua kuyaficha. Basi kanuni yenyewe, uzito wa kila kipengele, inaweza kubaki kwa wataalamu. Lakini kuna tofauti kati ya kunionyesha mizani na kunionyesha kilichowekwa juu yake. Mhasibu yule wa maharagwe alimwita mama aje aone kilo zenyewe.

Wapo pia wanaosema, na hawa ndio wanaonipa shida zaidi, kwamba mtu wa karibu ndiye aliyetufikisha hapa. Chifu aliyetia sahihi fomu za basari alimpa mpwawe kwanza. Karani alitaka chai. Mwalimu mkuu alimsamehe karo mtoto wa rafiki na kumfukuza mtoto wa maskini. Nimeyaona haya, na kijijini kwetu kila mtu anaweza kukutajia mfano. Kompyuta iliyo mbali haina mpwa.

Siwezi kuchagua kati ya chifu mwenye mpwa na tovuti isiyo na masikio, na sioni kwa nini tulazimishwe. Kile ambacho kompyuta inakiweza vizuri ni kukumbuka nani alifanya nini. Basi mpe mhasibu wa shule uwezo wa kuandika kwenye mfumo kwamba amepokea gunia moja, kilo 88, shilingi 9,000, pesa zibaki kwenye akaunti ya shule, na wizara ione kila ingizo siku hiyo hiyo, jina lake likiwa chini yake. Mpe mwalimu mkuu uwezo wa kumsajili mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa kwa muda wa muhula mmoja, afisa wa elimu wa kaunti ndogo akithibitisha kwa kumwona mtoto, si kwa kuona fomu. Akisajili watoto hewa, sahihi yake ipo. Tangu 2025 NEMIS umekuwa ukiupisha mfumo mpya wa KEMIS, unaokusudiwa kumfuata mwanafunzi tangu shule ya awali hadi chuo. Huu ndio wakati wa kuamua mambo haya, kabla programu haijakamilika, kwa kuwa baada ya hapo kila badiliko litaitwa gharama isiyokuwamo kwenye mkataba.

Kwa chuo kikuu ningedai zaidi. Ukurasa unaomtajia mwanafunzi bendi yake umtajie pia taarifa zote za familia yake zilizotumika, moja moja, na mbele ya kila moja pawe na nafasi ya kusema hii si kweli. Malalamiko yasirudi kwenye tovuti, yaende kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi katika chuo alikopangiwa, ambako kuna mtu anayeweza kumwita, kumsikiliza, kumpigia simu mzazi, na kubadilisha bendi kwa sahihi yake. Na jibu lipatikane kabla dirisha la usajili halijafungwa. Asiyesajiliwa hafanyi mtihani, na mwanafunzi aliyeshinda rufaa yake Desemba ameshapoteza mwaka.