Mgonjwa wa Moyo Anapoanza Kuzidiwa: Vipimo vya Nyumbani na Swali la Nani Atavijibu

Neno "kuzidiwa" kwetu Unguja na Pemba hutamkwa pale mambo yanapokuwa yameshafika pabaya: mgonjwa anakaa kitako kwa sababu akilala hapati pumzi, na jamaa wanagonga milango ya majirani usiku wakitafuta gari. Kwa maradhi ya moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo, matumizi hayo ya neno yanatuchelewesha. Mara nyingi kuzidiwa huwa kumeanza siku kadhaa, pengine wiki nzima au zaidi, kabla ya usiku huo, wakati maji na chumvi vinapobaki mwilini kidogo kidogo. Katika siku hizo, dawa ya kukojoza ikiongezwa mapema kwa maelekezo ya daktari, mgonjwa huweza kuepuka kulazwa. Hoja ya kumfuatilia mgonjwa kwa mbali, yaani ajipime mwenyewe nyumbani na vipimo vimfikie mtaalamu kwa njia ya simu, imejengwa juu ya siku hizo chache. Nauliza kama hoja hiyo inasimama katika visiwa vyetu, na ikisimama, inasimama kwa sharti gani.

Dalili zenyewe si ngeni, ila hujificha nyuma ya majina ya maradhi mengine. Mtu aliyezoea kulalia mto mmoja anataka miwili, kisha mitatu, na usiku wa manane anaamka na kukimbilia dirishani kutafuta hewa; nyumbani wanasema ni pumu. Chakula kidogo kinamshibisha na tumbo linajaa, kwa kuwa ini na utumbo vimelemewa na damu isiyorudi vizuri moyoni. Nyumbani wanasema ni gesi au vidonda vya tumbo. Makubadhi yaliyomkaa vizuri asubuhi yanambana jioni, na kidole kikibonyezwa juu ya kifundo cha mguu huacha shimo. Uchovu nao huambiwa ni utu uzima, ilhali maradhi haya katika bara letu hayawasubiri wazee. Utafiti uliohusisha wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika Kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na sababu iliyoongoza ni presha, tofauti na Ulaya ambako kuziba kwa mishipa ya moyo kuna nafasi kubwa zaidi. Hawa ni watu ambao bado wanavua, wanachuma karafuu na kulea watoto.

Katika vipimo vyote vya nyumbani, mizani ndiyo rahisi kuliko vyote. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hakuna mtu anayenenepa kwa kilo mbili za nyama katika siku tatu. Kwa hiyo uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, dhana ya kwanza iwe ni maji. Inatakiwa kupima asubuhi, baada ya kwenda haja ndogo na kabla ya kula, kwa nguo zilezile, na mizani ikae juu ya sakafu ngumu. Sharti hili la mwisho si dogo katika nyumba ya sakafu ya udongo, ambako mizani ikisogezwa hatua moja hutoa jibu jingine, na ubao mmoja mnene wa kuiwekea hufaa kuliko mizani ya bei kubwa.

Hata hivyo mizani ina upofu wake, na wanaoitetea sana hawausemi vya kutosha. Wapo wagonjwa wengi wanaozidiwa bila uzito kupanda. Wengine ni kwa sababu damu iliyokuwa imehifadhiwa katika mishipa ya tumboni imehamia kifuani, bila tone la maji kuongezeka mwilini. Wengine ni kwa sababu maradhi ya muda mrefu yanawakondesha, nyama inapungua huku maji yakiongezeka, na sindano ya mizani inabaki palepale. Mgonjwa wa namna hii akiambiwa "uzito wako mzuri" anaweza kutulia nyumbani kwa siku ambazo hakupaswa kutulia. Kipimo kinachotuliza mtu kwa makosa kina madhara, na ndiyo maana swali la mito mingapi umelalia jana halipaswi kuachwa kwa sababu tu lina umri mkubwa kuliko simu.

Tafiti kubwa za kufuatilia kwa mbali zimetoa majibu yanayopingana. Nchini Marekani, utafiti wa Tele-HF uliochapishwa mwaka 2010 uliwachukua wagonjwa 1,653 waliotoka kulazwa. Nusu yao walitakiwa kupiga simu kila siku kwenye mtambo unaojiendesha, ambao uliwauliza kuhusu dalili na uzito. Baada ya siku 180, waliolazwa tena au kufariki walikuwa asilimia 52.3 katika kundi la simu na asilimia 51.5 katika kundi la huduma ya kawaida, yaani hakukuwa na tofauti yenye maana. Karibu asilimia 14 ya waliopangiwa mtambo huo hawakuutumia hata mara moja. Mwaka 2018 Ujerumani ilitoa picha nyingine. Utafiti wa TIM-HF2, ulioongozwa kutoka hospitali ya Charité ya Berlin, uliwagawa wagonjwa 1,571. Kundi moja lilituma kila siku uzito, presha, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni kwenye kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24. Siku zilizopotea kwa mwaka kutokana na kifo au kulazwa kwa dharura ya moyo zilikuwa 17.8 kwa kundi hilo na 24.2 kwa wenzao, na vifo vilikuwa karibu 8 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka dhidi ya zaidi kidogo ya 11.

Ninavyozisoma tafiti hizi mbili, mashine hazikutofautiana kama walivyotofautiana watu waliokuwa nyuma ya mashine. Marekani mgonjwa alizungumza na sauti iliyorekodiwa, na taarifa zake zikasubiri siku ya kazi. Berlin palikuwa na daktari macho usiku mzima, mwenye mamlaka ya kubadilisha dozi. Uadilifu unanilazimu kuongeza kwamba Wajerumani waliwaacha nje wagonjwa wenye sonona kali, na kwamba mgonjwa aliyetumiwa daktari wa kumpigia simu alijua kuwa anafuatiliwa, jambo ambalo peke yake huweza kumfanya ameze dawa zake vizuri. Lakini hata tukipunguza hayo, bado kinachobaki ni kikubwa.

Kwa Pemba hoja ya kuunga mkono ina uzito wa pekee. Mkaazi wa Kojani hupanda chombo kwanza, ndipo apate gari la kwenda Wete au Chake Chake, na akihitaji rufaa ya mbali zaidi anavuka bahari hadi hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, safari ile ni mtihani hata kwa mzima. Kumwambia mtu mwenye pumzi fupi aje kliniki kila mwezi ili apimwe uzito na kuulizwa maswali matano ni kumtaka atumie nguvu ambazo moyo wake hauna. Simu ya muuguzi ya dakika kumi ingemhudumia vizuri kuliko safari ya siku nzima.

Upande wa pili nao haupuuziki. Katika nyumba nyingi simu ni ya kijana wa kiume, anayeondoka nayo asubuhi, na mama mgonjwa hubaki na namba asiyoweza kuipiga. Umeme tumeuona ukikatika kwa muda ambao haukutarajiwa: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi baada ya hitilafu katika njia ya waya wa chini ya bahari. Kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni, kinachouzwa kama ufumbuzi, kina kasoro inayotuhusu moja kwa moja: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kuwa upungufu wa oksijeni ulipitwa bila kuonekana kwa wagonjwa weusi takribani mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Na muuguzi atakayepokea vipimo hivyo ni yuleyule mwenye foleni mlangoni. Ukimwongezea simu arobaini kwa siku bila kumpunguzia kitu, atazijibu vibaya au hatazijibu.

Kuna pia mambo ambayo hakuna programu iliyotengenezwa Ulaya itakayoyajua. Ng'onda na papa mkavu ni kitoweo cha watu wengi, na chumvi iliyomo hupandisha uzito wa mgonjwa kwa siku mbili. Mwezi wa Ramadhani saa za dawa huhamia futari na daku. Mwenye kumeza dawa ya kukojoza usiku hukosa usingizi, mwenye kuimeza daku hushinda na kiu, na kunywa maji mengi kwa pamoja wakati wa kufuturu humrudishia maji aliyoyatoa. Uzito wa mwezi huo hauwezi kusomwa kwa kanuni za miezi mingine. Anayeupokea anapaswa kuwa mtu anayeijua nyumba ya Kizanzibari, na mazungumzo ya kama mgonjwa afunge au asifunge yafanyike Shaabani, kabla mwezi haujaandama.

Ndiyo maana sishawishiki na mpango wa kuanza na vifaa vya kutuma vipimo vyenyewe, wala kile kihisio kidogo cha kupima shinikizo la damu kinachopandikizwa katika mshipa wa mapafu, ingawa nchini Marekani kiliripotiwa mwaka 2011 kupunguza kulazwa. Tunacho tayari kitu cha kuanzia. Chini ya Jamii ni Afya, mpango wa Zanzibar wa afya ya jamii, wahudumu wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba na simu zenye programu ya kuwaongoza, na kazi hiyo ilianza zaidi kwa wajawazito na watoto wadogo. Kuwaongezea maswali ya mito, makubadhi na pumzi kwa wagonjwa wa moyo waliotoka kulazwa ndani ya mwezi mmoja, muda ambao hatari ya kurudi hospitali huwa kubwa, ni hatua ndogo ambayo matokeo yake yanahesabika, mradi wapewe mafunzo na posho ya kazi hiyo na wasibebeshwe kwa jina la kujitolea.

Mgonjwa naye apewe mizani, daftari, na kiwango cha uzito wake kilichoandikwa na daktari, pamoja na maelezo ya dozi ya kuongeza na ya siku ngapi. Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe na namba moja ya simu, na namba hiyo iwe na mtu wa kuipokea mwenye ruhusa ya kubadilisha dawa, hata usiku wa Sikukuu ya Idi, wakati sahani zimejaa nyama na wafanyakazi wengi wako majumbani kwao.