Mizizi ya Kilombero na Swali la Dozi

Pita soko la Kilombero mjini Arusha, au Mbuyuni kule Moshi, utakuta wauzaji wa dawa za Kimasai wametandaza magome na mizizi. Mteja anaeleza shida yake, anafungiwa fungu lake, anaambiwa achemshe anywe asubuhi na jioni. Achemshe kwa maji kiasi gani? Kikombe cha ukubwa upi? Tunabishana mitishamba au hospitali, na swali hilo tunaliruka.

Wanaoitetea mitishamba wana hoja nzito. Artemisinini, iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria, ilitoka kwenye mmea wa Artemisia annua, na Tu Youyou wa China akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Gome la Prunus africana, mti unaoota kwenye misitu ya Kilimanjaro na Meru, huuzwa Ulaya kwa ajili ya tezi dume. Anayesema mizizi yote ni ushirikina hajaitazama rafu ya duka la dawa.

Ila artemisia hiyohiyo inawapa nguvu wenye shaka. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani yake kutibu malaria: nguvu ya dawa hutofautiana shamba kwa shamba, na dozi pungufu huacha vimelea hai, tena huweza kuvizoesha dawa. Mmea unaponya, chai yake inaweza isiponye.

Ndiyo maana bado naumia nikikumbuka Loliondo. Mwaka 2011 maelfu walikwenda huko, kijijini Samunge, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakanywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Dawa ileile, kipimo kilekile, kwa mwenye UKIMWI, kisukari, saratani na pumu. Wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Kwangu mimi mti hauna kosa. Kosa ni kikombe kimoja kwa kila ugonjwa, bila kumpima mtu kabla wala baada.

Hospitali nazo zina sehemu yao. Mgonjwa akigombezwa kwa kunywa mizizi, siku nyingine atanyamaza. Mwenye kisukari anayechanganya vidonge na mitishamba ya kushusha sukari anaweza kuzimia nyumbani, na daktari asijue sababu. Mjamzito ndiye namhofia zaidi.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002, na Baraza la kusajili waganga lipo. Hapa Arusha kuna hata Hifadhi ya Taifa ya Mimea (si mbuga, ni mkusanyo wa sampuli za mimea iliyokaushwa), yenye wataalamu wa kuutambua mmea kwa sampuli. Ningependa waganga wa Kilombero waalikwe kule na mafungu yao, kila mzizi upate jina lake la kitaalamu, na muuguzi anayepokea wagonjwa aulize kwa upole: mama, umekunywa dawa gani ya kienyeji wiki hii?