Raia Pekee Nyumbani

Nyumba yetu hapa Isevya, Tabora, ina watu wanne. Wawili ni jeshi. Wa tatu ni mke wangu, ambaye siku hizi anajiita mpishi wa kikosi. Wa nne ni mimi, raia. Neno lenyewe si tusi, lakini msikie mzee wangu anavyolitamka akitafuta miwani yake, "Hivi huyu raia ameiweka wapi?", utadhani ni ugonjwa wa ngozi.

Kosa langu ni mwaka niliomaliza shule. Nilimaliza kidato cha sita 1998. Sasa piga hesabu: JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ya mujibu wa sheria, yaani ile ya lazima kwa wanaomaliza kidato cha sita, ilisitishwa 1994, ikarudishwa 2013. Mimi nimekaa katikati kama nyama ya sambusa. Huku baba yangu, kuruta wa kambi ya Mafinga 1975. Kule binti yangu Zainabu, kuruta wa kambi ya Mtabila, kule Kasulu, juzi tu. Na wakati ule tulifurahi, jamani! Tulitoka kwenye mtihani moja kwa moja hadi kitandani. Nililala miezi. Hakuna aliyeniambia kwamba usingizi ule ni wa mkopo, na kwamba marejesho yatadaiwa nikishaota kitambi.

Majina ya vijana wa mujibu yalipotoka, mzee alilia kwa furaha. Mama Zainabu alilia tu. Mimi nikakabidhiwa orodha.

Bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ifike magotini. Fulana ya kijani. Raba za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi nyeusi. Traksuti. Halafu nauli. Nikaingia sokoni nikiwa na karatasi mkononi, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu siku zile mtu mzima mwenye karatasi mkononi anajulikana ni mzazi wa kuruta. Muuzaji hakutazama mfuko wangu, alitazama karatasi, akapandisha bei palepale kama anayepandisha bendera. Bluu alikuwa nazo za kila aina isipokuwa hiyo iliyokoza.

"Hii imekoza kweli?"

"Mzee, hiyo akiivaa jioni inakoza."

Nilinunua. Zipu ilikuwepo, akaing'oa kwa meno mbele yangu, bure, akasema hiyo ni huduma kwa taifa.

Zainabu mwenyewe nieleze ni mtu gani. Huyu ni mtoto ambaye masika yakianza chakula chetu kinachelewa, kwa sababu chura ameingia jikoni na yeye yuko juu ya meza. Saa nne asubuhi kwake ilikuwa alfajiri. Na huyo ndiye anakwenda Kasulu, mtoto aliyezoea tambarare ya Tabora, anapelekwa milimani. Isitoshe, Mtabila palikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, ikafungwa 2012. Watu walikimbia vita wakajificha pale. Sasa wa kwangu anapelekwa palepale kufundishwa vita. Nilitafuta mtu wa kumuuliza hilo limekaaje. Mzee akaniambia nimuulize mke wangu chai iko wapi.

Pale stendi, giza bado, nilimvuta pembeni nikampa wosia wa baba. "Mwanangu, ukiona pagumu, sema unaumwa." Sikujua mzee yuko nyuma yangu. Bakora yake ilitua kwenye ugoko wangu, na hadi leo mvua ikikaribia ugoko unanijulisha. Zainabu hakucheka. Alikuwa anatafuna mkanda wa begi lake kama mbuzi, macho kayakodoa. Akapanda basi bila kugeuka.

Simu zilikusanywa huko kambini, tukakaa wiki kadhaa hatujui kitu. Siku moja namba ngeni ikapiga. "Baba shikamoo, niko hai, nitumie elfu kumi, afande anakuja." Ikakata. Mama yake alitaka nimhadithie maongezi yetu tangu mwanzo. Nikamwambia huo ndio mwanzo.

Miezi mitatu ikaisha. Aliyerudi sikumtambua. Nywele hakuna, rangi ya chungu kilichokaa jikoni miaka mingi, mabega ya mpagazi, sauti ya kuuzia samaki. Akasimama mlangoni wima kama mlingoti, akampigia babu yake saluti. Mzee akataka kuijibu, kwa bahati mbaya mkono wa kulia ulikuwa na kikombe cha kahawa. Alijimwagia sikio zima, na hakushusha mkono. Wakasimama hivyo wanatazamana, kahawa inamchuruzika shingoni, na wote wawili machozi yanawalengalenga. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Nikaendelea kufagia.

Tangu hapo sina nyumba, nina kambi. Saa kumi na nusu alfajiri linapigwa sufuria. Kitanda changu kinatandikwa hata kabla sijatoka kwenye kumbukumbu za usingizi, blanketi limekunjwa kona nne kama sanduku, naogopa kukalia. Chumba changu kinaitwa hanga, yaani bweni la makuruta. Nikichelewa mezani, hiyo ni doso, yaani adhabu: kufyeka uani. Kufyeka uani kwa mke wangu zamani ilikuwa ni kuombwa wiki mbili, sasa inatoka amri na mke wangu anacheka hadi anashika mwiko kwa mikono miwili.

Jumamosi moja nikasema mimi pia ni mwanamume, nikatoka naye mchakamchaka kuelekea stesheni. Yeye anaimba chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, anakimbia, pumzi haimpigi. Mimi niliimba ubeti wa kwanza. Wa pili nilitikisa midomo. Tulipokaribia reli nikamwomba Mungu treni ipite ili tusimame kwa heshima. Haikupita. Nikasimama bila heshima, nimekumbatia nguzo, mama mmoja muuza maandazi akaniuliza kama kuna mtu wa nyumbani apigiwe simu. Nikamwonyesha kidole Zainabu, ambaye alikuwa ameshavuka reli na anakimbia papo kwa papo kunisubiri.

Nikirudi nyumbani najitetea kwamba sisi wa 1998 hatukukataa, hatukuitwa. Mzee hapo huwasha moto. Ananikumbusha wanafunzi wa chuo kikuu walioandamana Oktoba 1966 kuipinga hii sheria ya kwenda jeshini, Nyerere akawarudisha makwao, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. "Wewe," ananiambia, "ungekuwepo ungeshika bango. Tena lile kubwa." Namjibu kwamba 1966 sikuwa nimezaliwa. Anasema hicho nacho ni kisingizio.

Sasa kuna kitu kilikuwa kinanisumbua, nikamvizia Zainabu jioni anamenya viazi. Nikamuuliza, lakini mwanangu, moyo ule uliutoa wapi? Maana nyumbani hapa sikuuona.

Akasema hakuwa nao. Wiki ya pili alilia kila siku, chooni, ndipo pahali pekee ulipoweza kulia peke yako, na hata hapo kulikuwa na foleni. Msichana mmoja wa Newala aliyekuwa anasubiri nje alimgongea mlango: "Lia haraka, kipenga kinakuja." Wakawa marafiki hapo. Malengelenge ya miguu yalipasuka, yakaota mengine juu yake. Siku ya kulenga shabaha bunduki ilimrudishia kitako begani, bega likavimba kama andazi, na kwata ya jioni ikawepo vilevile. Usiku mmoja yuko lindo, mvua imekatika, chura akaruka akamkalia juu ya buti.

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama."

"Muda gani?"

"Mpaka aliposhuka. Afande alikuwa amesimama hatua tano, baba. Nilimwogopa yule kuliko chura."

Akaendelea kumenya. Ganda lilitoka moja refu, halikukatika. Nikataka kusema neno la baba, neno zito, nikatafuta, nikaishia kumwambia viazi vinatosha.

Basi heshima ipo, nakubali. Lakini juzi, jamani, juzi! Nimetoka kutazama mpira, saa tano na nusu usiku, nafika kwangu, nyumba niliyojenga mwenyewe na mkopo wake bado sijamaliza, nasikia gizani:

"Simama hapo! Nani?"

"Baba yako."

"Neno la siri?"

Nikakumbuka kuwa asubuhi kulikuwa na paredi uani, na neno la siri lilitangazwa, na mimi muda huo nilikuwa natafuta soksi. Nikajaribu.

"Asali."

"Sio."

"Maembe."

"Hiyo ya jana."

Mbu wa Isevya wameshanitambua, wanaitana. Dirishani kwa mzee taa ikawaka, nikashukuru, nikasema mtu mzima mwenzangu huyo. "Baba! Mwambie huyu mtoto anifungulie!"

Dirisha likafunguka kidogo.

"Mjukuu wangu, ni nani huyo?"

"Raia, babu."

"Ana kitambulisho?"